Somo la Picha Baada ya Hesabu

Mkwe wangu Janelle alipoanza kuongeza masomo, nilimwambia waziwazi kwamba anajitafutia maradhi. Wajukuu wangu hawaendi shule. Shule yao ni meza ya jikoni, mwalimu ni mama yao, na kengele ni birika langu la kahawa likianza kunguruma. Eino, wa miaka minane, alikuwa bado anapigana na hesabu za kugawanya. Tilda, wa miaka minne, alikuwa na herufi chache na kiburi kingi. Sasa Janelle akaleta kapu, akalijaza nyimbo za zamani, vitabu vya ndege, nyuzi za kufumia na picha za wachoraji.

"Wajue kusoma na kuhesabu kwanza," nikasema. "Hayo mengine ni mapambo."

"Mama, mkate mkavu hauliwi kila siku," akanijibu. "Na kufuma utafundisha wewe."

"Mimi? Na macho haya?"

"Hayo hayo yanayoona vumbi langu juu ya kabati."

Hapo alinipata.

Somo la picha ndilo lililonichekesha zaidi. Watoto wanawekewa picha moja, wanaitazama kimya mpaka washibe. Kisha inageuzwa kifudifudi, na kila mtoto anaeleza alichokiona. Hakuna maksi wala kusahihishwa. Janelle alisema jicho likizoea kutazama hivyo, moyo haupotezi kitu. Nilimwona alivyolisema, nikajua hazungumzii wachoraji.

Maana mwanangu Wade, mumewe, ni baharia wa ziwa. Meli yake hubeba mawe yenye madini ya chuma kutoka bandari ya Duluth, na tangu barafu ya ziwa inapoyeyuka hadi inapoganda tena tunampata kwa simu tu, meli ikipita karibu na mji wenye mtandao. Januari iliyopita aliporudi, Tilda alijificha nyuma ya sketi yangu akapiga kelele kana kwamba mwizi ameingia. Hakukubali kula chumba kimoja naye. Wade akachukua sahani yake, akaenda kula kwenye kijichumba cha mlangoni, katikati ya buti na makoti. Mimi machozi yangu hayako karibu, lakini siku ile yalitoka. Marehemu mume wangu naye alifanya kazi hiyo hiyo, na Wade mwenyewe alimwita "yule mzee" mpaka alipong'oka meno ya utoto. Asiyekuwapo na lake halipo. Nililiona hilo kwa mwanangu, na sikutaka kuliona tena kwa mjukuu wangu.

Basi theluji ya Novemba ikafunga barabara, posta haikuja, na picha mpya zikakwama njiani. Janelle alikuwa amesimama anapekua kapu, watoto wanagongana miguu chini ya meza. Nikainuka, nikaitungua ukutani picha ya Wade, ile aliyopigwa kwenye sitaha ya meli ameshika kikombe, nikaiweka mbele yao.

"Mchoraji ni nani huyu, Bibi?" Eino akaniuliza, ananichokoza.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimchora kwa miezi tisa. Tazama."

Wakatazama. Nikaigeuza. Eino akataja kofia ya sufu, ndevu nyekundu, kamba na mawimbi. Tilda alifikiri kwanza.

"Kidole chake kimoja ni kifupi," akasema. "Na anacheka upande mmoja."

Kidole kile kilikatwa na waya wa meli kabla Tilda hajazaliwa. Janelle akageukia sinki akafungua maji, ingawa vyombo vilikuwa vimeshaoshwa.

Picha za wachoraji zilipofika, hakuna aliyezifungua. Kila siku baada ya hesabu Tilda alidai yule yule. Aliieleza picha ile mezani, akamweleza paka, akanieleza mimi ndani ya sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, jasho likinitoka puani. Mimi niliyeyaita mapambo nikaanza kuwahimiza wamalize hesabu upesi. Nyumba nzima ilikuwa inamngoja mtu wa kwenye picha.

Januari ikafika. Nilisikia gari likizimwa nje, nikamshika Tilda mkono, mlango ukafunguliwa. Wade alikuwa amenyoa ndevu zote.

Mwaka mzima alikuwa ameamini kwamba ndevu ndizo zilizomtisha mtoto, akapitia kwa kinyozi kabla ya kuja nyumbani. Kidevu kilikuwa cheupe, kimepigwa na baridi, na ni mimi tu niliyewahi kukiona kitupu hivyo. Nilitamani kumzaba kofi kwa upendo wake.

Tilda akarudi nyuma yangu. Nikahisi ngumi yake kwenye sketi, palepale pa mwaka jana. Wade naye akaona. Akaanza kurudi kinyumenyume kwenye kijichumba cha buti, mtu anayejua mahali pake.

"Asiende," Tilda akasema. "Sijamaliza kutazama."

Wade akasimama. Mtoto akamtazama kuanzia kofia hadi soksi, kimya kama kwenye somo la picha.

"Sasa mgeuze, Bibi."

"Geuka, Wade," nikasema.

"Mama, nimefanya nini tena?"

"Wewe geuka."

Mwanangu, jitu zima lile, akageuka akauelekea mlango, mikono nyuma. Tilda akatoka kwenye sketi yangu.

"Kofia ni ile ile," akasema. "Ndevu zimekwenda. Anataka kucheka upande mmoja lakini anaogopa." Akasogea hadi kwenye ile mikono, akatafuta kati ya vidole, akakishika kile kifupi. "Na hiki ni cha baba."

Janelle akaziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Mabega ya Wade yakaanza kutikisika.

"Geuka sasa, baba," Tilda akamwambia. "Nimemaliza."

Hakugeuka upesi. Hakuwa na ndevu za kufichia machozi.