Stesheni ya Kurasa Kumi na Moja

Chama cha Reli Ndogo kilikuwa na wanachama wanne, meza moja, na Mwenyekiti mwenye maneno ya kutosha chama cha watu mia nne. Kilikutana Jumamosi asubuhi katika chumba kilichokuwa juu ya duka la matairi. Harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja nao, ikaketi, ikasikiliza ajenda mpaka mwisho, jambo ambalo Katibu hakuliweza bila kusinzia.

Mwaka huo Mwenyekiti alikuwa ameamuru kwamba meza iwe Marekani. Sababu zilikuwa nzito. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa saa sita katika uwanja wa ndege wa huko akisubiri ndege nyingine, na ingawa hakutoka nje ya jengo, alirudi akiwa mtaalamu wa nchi nzima.

"Kule," alikuwa akisema, "kila kitu ni kikubwa."

"Naam," alisema Katibu.

Basi ikajengwa Marekani. Reli ilizunguka meza, milima ya plasta ikasimama, tangi la maji likasimama, na kila kitu kikawa kidogo mara themanini na saba kuliko cha kweli, maana hicho ndicho kipimo cha treni zao. Kilichobaki kitupu ni kiwanja cha katikati, kando ya reli, mahali ambapo jicho la kila mgeni hutua kwanza. Hapo ilitakiwa stesheni. Na kiwanja cha katikati, cha meza ya kila mwaka, kwa miaka sita alikuwa akikitamani Mama Futi.

Aliitwa hivyo kwa sababu futi ya kupimia nguo ilikuwa haikosekani shingoni mwake. Alikuwa fundi katika karakana ya sare za shule, naye ndiye aliyechora na kukata karatasi za vipimo ambazo mafundi wengine walifuata kukata kitambaa. Miaka thelathini ya kazi hiyo. Chama kilitafakari kipaji chake, kikaona kinafaa miti na uzio. Kila mwaka miti na uzio. Alikuwa amesokota miti mingi kiasi kwamba Marekani ya kweli ingemwonea wivu.

"Stesheni niachieni mimi," alisema safari hii. "Nitaijenga kwa karatasi ngumu. Kuna watu mtandaoni wanachora nyumba, unachapisha, unakata, unagundisha."

"Karatasi?" Mwenyekiti alilitamka neno hilo kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. "Karatasi ni ya kufungia misumari, mama. Mpwa wangu aliye ng'ambo ananiletea stesheni ya plastiki."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Mizigo huchelewa."

"Mizigo hiyo inakuja kwa kutambaa?"

Fundi saa, mwanachama wa nne, ambaye kwa kawaida aliongea mara moja kwa msimu, alikohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti akasema haya, tafuta hizo karatasi zako, lakini ukizipata utume kwenye kundi la chama zipitishwe. Kwa kanuni, hakuna kitu kilichopanda mezani bila kupitishwa, na mpitishaji alikuwa mmoja.

Mama Futi alitafuta wiki nzima, kila mapumziko ya mchana, simu ikiwa imeegemea cherehani. Alikutana na mambo. Ukurasa wa kwanza ulimwahidi stesheni ya Marekani, akafungua, akakuta kanisa. Wa pili ulikuwa na stesheni kweli, ila ya treni ndogo zaidi. Kwa treni zao ingefaa kuwa banda la kuku. Wa tatu ulikuwa na kasri lenye minara, na aliyeliweka aliapa kwamba ni ghala la nafaka. Mtu wa aina hiyo, Mama Futi aliona, asingekabidhiwa hata kukata kola.

Ijumaa akaipata. Seremala mmoja mzee, aliyestaafu huko huko Marekani, alikuwa amepima stesheni ya mji mdogo, ubao kwa ubao, akaichora kwa kurasa kumi na moja na kuigawa bure: kuta za manjano, paa la kahawia lenye upana wa kuwakinga abiria, na dirisha lililojitokeza ili mpokea telegramu aone treni inapokuja. Kila ukurasa ulikuwa na mstari mweusi pembeni, na ukurasa wa kwanza ulieleza: mstari huu lazima uwe sentimita kumi kamili; ukipungua, umekosea kuchapisha. Mama Futi alimpenda seremala yule papo hapo, kama ndugu.

Akazituma kwenye kundi. Mwenyekiti akajibu: "Zimepitishwa. Kwa uzito wa jengo, nitalijenga mwenyewe."

"Naam," aliandika Katibu.

Jumamosi iliyofuata Mwenyekiti alizileta kurasa zikiwa zimechapishwa, ndani ya bahasha ya ofisini kwake, akazilaza mezani kama hati za kurithi shamba. Mama Futi hakuomba ruhusa. Alishusha futi shingoni, akaiweka kwenye mstari wa ukurasa wa kuta. Tisa na milimita nne. Akaiweka kwenye mstari wa ukurasa wa paa. Kumi kamili.

"Ulizichapisha wapi, Mheshimiwa?"

"Kuta ofisini. Karatasi ngumu ikaisha, basi paa nikachapishia steshenari. Binti wa pale dukani akaniuliza kama nataka ukubwa halisi. Nikamwambia mimi sina kitu kisicho halisi."

"Ndiyo hivyo. Karatasi za Marekani ni pana na fupi kuliko zetu. Mashine ya ofisini imezibana kuta zienee. Paa halikubanwa. Havitakaa pamoja."

"Milimita sita, mama!"

"Sita katika kila sentimita kumi. Nimeona suruali ikimshinda mtu kuvaa kwa pungufu ya hapo."

"Hatushoni suruali hapa."

"Soma ukurasa wa kwanza basi."

"Mimi sisomi maelekezo," alisema Mwenyekiti, akijaza kifua. "Mimi natoa maelekezo."

Kwa hiyo alijenga. Ijumaa, siku moja kabla ya wageni kuja kutazama meza, aliwaita wote wamshuhudie. Kuta zilisimama vizuri. Kisha akatandika paa, nalo likashuka likazifunika kuta mpaka madirishani, kama kofia ya babu kichwani mwa mjukuu. Akalivuta kulia, likafunika kushoto. Akalivuta kushoto, likapinda. Mwisho akalibana kwa gundi ya mbao, na ili mjadala ufungwe, akaligundisha jengo zima kwenye kiwanja cha katikati.

Abiria wa plastiki walikuwa wamesimama chini ya ukingo wa paa uliowagusa mabegani.

"Kule," alisema Mwenyekiti, "ndivyo wanavyojenga. Kwa ajili ya theluji."

"Naam," alisema Katibu, na hata yeye aliona aibu.

Mama Futi alikuwa amekuja na kikapu. Humo ilikuwemo stesheni ile ile, kurasa zote kumi na moja za ukubwa halisi, zilizogundishwa juu ya kadibodi ya maboksi ya vifungo. Aliiweka ukingoni mwa meza. Paa lilikaa juu ya kuta kama kifuniko juu ya sufuria yake. Fundi saa alitoa lenzi yake ya kazi, akainama, akalitazama dirisha la mpokea telegramu kwa muda mrefu.

"Hii," alisema. Msimu wake ukawa umekwisha.

"Ni nzuri, sikatai," alisema Mwenyekiti. "Lakini kiwanja kimeshajengwa. Gundi imekauka. Labda mwakani."

Miaka sita ya "labda mwakani" ilimtosha Mama Futi. Alitoa kisu chake cha karakana, chembamba, chenye makali ya kukata safu ishirini za kitambaa bila kupinda. Akakipitisha chini ya ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, taratibu, bila kuchubua hata jani la nyasi bandia. Mwenyekiti alifungua mdomo akitafuta kanuni.

"Pokea, Mheshimiwa," alisema Mama Futi, akimkabidhi jengo lake kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kisha akaweka la kwake pale pale.

Kesho yake wageni walijaa. Treni ilisimama stesheni, mlango wa behewa ukalingana na jukwaa, watu wakapiga makofi, na kila aliyeuliza nani kaijenga alielekezwa kwa mwanamke mwenye futi shingoni. Mwenyekiti alipokea wageni mlangoni akiwa bado ameibeba ile yake, maana mezani hapakuwa na nafasi na kuitupa hakuweza. Mgeni mmoja akamuuliza hiyo ni nini.

"Sampuli," alisema.

"Ya nini?"

Mwenyekiti akamtafuta Katibu kwa macho. Katibu alikuwa kule katikati, ameinama na lenzi ya kuazima, akimwambia Mama Futi naam.