Dawa ya Waliolazimishwa

Benchi la zahanati lilikuwa limevunjika mguu mmoja, wakaliegemeza kwa tofali, na kila mgonjwa aliyeinuka aliwayumbisha waliobaki. Kiberiti alikaa mwishoni, mtandio ameufunga kifuani kuficha maziwa yaliyokuwa yakimvuja. Alfajiri alimbandua mtoto ziwani kwa nguvu akiwa bado ananyonya, akamwachia mama yake.

Jina la Kiberiti alipewa kiwandani, kwenye mstari wa kushona mashati, kwa udogo wa mwili na wepesi wa kuwaka. Jumatatu hiyo hakuwa na cha kuwasha. Taya zilimuuma kwa kusaga meno, mdomo ulikuwa mkavu, na usingizi aliolala jana mchana kutwa haukumpumzisha.

"Wewe! Shida yako nini?" nesi aliuliza kutoka mezani.

"Dada, naomba tuongee pembeni."

"Pembeni ndiyo hapa."

Kiberiti akamsogelea mpaka tumbo likagusa meza. "Jumamosi nililala na mwanaume. Bila kinga. Nimesikia kuna dawa ya kuzuia ukimwi mtu akiwahi."

"Ipo. Isipite siku tatu." Nesi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ulibakwa?"

"Hapana."

"Alikulazimisha?"

"Hapana. Tulikuwa tumemeza vidonge."

Nesi alicheka puani. "Basi mama, dawa zenyewe tunaletewa kiduchu. Ni za waliobakwa, wenye karatasi ya polisi, na za sisi tukijichoma sindano kazini. Za walioenda kujirusha hakuna." Kisha akashusha sauti kidogo. "Mlete huyo bwana apimwe. Au lete karatasi ya polisi. Ukija nayo, mimi sina swali."

Jumamosi ilianza vizuri, hilo ndilo lililomuuma. Walitoka kazini saa nane mchana, wakaingia chumbani kwa mwenzao anayeshona kola, wakafunga pazia na kufungulia redio. Vidonge waliviita taa. Kimoja kilitosha kumwondolea mtu uchovu wa wiki nzima. Kiberiti alimeza viwili. Baada ya muda mgongo uliacha kumuuma. Kila aliyemtazama alimwona mzuri, kila mkono uliomgusa ulikuwa mkono mwema. Yeye ambaye tangu baba wa mtoto aondoke alikuwa hamkubali mwanaume asiye na kondomu, na alishamfukuza mmoja nusu uchi kwa ajili hiyo, alicheka tu Fundi wa mashine alipomvuta kwenye chumba cha nyuma. Kondomu zilikuwa dirishani, pakiti nzima. Anakumbuka kuziona. Anakumbuka pia kwamba hazikumhusu, kama vile ni za watu wa nyumba ya jirani.

Kutoka zahanati alikwenda kiwandani, akamkuta Fundi nyuma ya jengo, wakati wa mapumziko, akiosha mafuta mikononi kwa maji ya sabuni.

"Umewahi kupima?" Kiberiti alimuuliza.

"Kupima nini?"

"Usinifanye mjinga, Fundi. Jumamosi."

Fundi aliendelea kusugua kucha. "Shemeji, nikwambie ukweli? Sikumbuki kama ni wewe."

Hakusema kwa dharau, na Kiberiti aliona hivyo. Macho ya Fundi yalikuwa mekundu, uso ni wa mtu aliyemwogopa mkewe tangu jana.

"Twende tukapime wote. Ni hapo tu zahanati."

"Wale hawana siri. Kesho kiwanda kizima kitajua, na mke wangu atajua kabla ya kiwanda." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Nina watoto, dada yangu. Niache."

Kwa hiyo akaenda polisi. Njiani alijaribu kulitamka neno lenyewe: alinibaka. Lilikuwa jepesi mdomoni kuliko alivyotarajia.

Askari wa zamu alikuwa mzee mwenye kikohozi, akila karanga. Alimsikiliza nusu, akashika kalamu.

"Mtaje jina."

Kiberiti alifungua mdomo. Akamwona akilini Fundi akisugua kucha. Akaona pingu juu ya ile mikono.

"Nimesema mtaje. Au humjui?"

"Namjua. Ila hakunilazimisha. Tulikuwa tumelewa vidonge wote wawili. Nahitaji karatasi tu, baba, nipewe dawa. Sitaki afungwe mtu."

Askari aliweka kalamu chini. "Vidonge mlipata wapi?"

"Kiwandani. Msimamizi hutugawia oda ikiwa kubwa, tusisinzie kwenye mashine. Vinavyobaki tunakuwa navyo."

"Hilo sijalisikia," askari alisema.

"Msimamizi ndiye..."

"Nimesema sijalisikia." Hakupandisha sauti. Alichambua karanga moja, akapuliza maganda. "Mwanamke anayekuja hapa kusema amemeza vidonge kwa hiari yake, akalala na mtu kwa hiari yake, mimi simpi karatasi. Nampa selo. Wewe una mtoto mchanga, naona nguo yako. Nenda nyumbani kabla sijabadilisha mawazo."

Alirudi zahanati, akamkuta nesi anafunga dirisha. Nesi alitazama mikono yake mitupu, akaelewa.

"Rudi baada ya wiki sita upime," alisema, safari hii bila kicheko. Halafu macho yakashuka kifuani kwa Kiberiti. "Unanyonyesha?"

"Ana miezi mitano."

"Acha kwanza. Kama umeambukizwa, huu mwanzo ndio mbaya zaidi kwa mtoto. Mpe maziwa ya kopo."

"Ya kopo nitayatoa wapi?"

Nesi alivuta komeo. "Mimi nakwambia inavyotakiwa," alijibu kutoka ndani.

Nyumbani kilio alikisikia kabla hajafika mlangoni. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya chumba, amechoka, jasho linamtoka, mtoto begani.

"Ulikuwa wapi siku nzima? Nimempa uji anautema. Mpe ziwa."

"Sijisikii vizuri, mama."

"Nani kakuuliza wewe? Mwenye njaa ni huyu. Mpe ziwa!"

"Mjaribu tena na uji."

"Una nini wewe? Maziwa yanamwagika sakafuni, mtoto anakufa kwa njaa. Wazimu gani huo?"

Alimtupia mtoto mikononi, akatoka nje akilalamika kwa sauti ili majirani wasikie. Kiberiti alikaa kitandani, vifungo vya blauzi amevifunga vyote mpaka shingoni. Hakujua atamwambia nini mama akirudi, wala kesho, wala wiki sita zote. Mtoto alihangaika, akageuza uso huku na huku, mpaka akapata mahali nguo ilipolowa. Akaubandika mdomo pale pale, juu ya kitambaa, akaanza kunyonya.