CD ya Pili

Tangu Jumatano Kazija alikuwa hatulii. Mzigo wake wa viatu vya watoto ulikuwa bado kiwandani, wakala wa meli hapokei simu, na yeye wala habari hana. Alichokiwazia ni Jumapili saa nane mchana. Ndani ya mkoba wake, kati ya pasipoti na kichupa cha mafuta ya udi, ilikaa filamu ya Kiajemi aliyoinunua Liuhua, mjini Guangzhou, Uchina, kwa muuza CD mmoja anayetandaza meza yake kando ya soko la nguo.

Zamu yake ilikuwa imefika.

Shindano liliitwa Lugha Kumi. Mwanzilishi wake ni Humphrey, kijana wa Moshi aliyekuwa mwaka wa nne wa udaktari, mwenye miwani minene na maoni mazito kuliko miwani. Jumapili kumi, filamu kumi, kila moja kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeifahamu. Na kwa kuwa filamu za Guangzhou huja na maandishi ya Kichina chini ya kioo, na wanafunzi wanayasoma vizuri kuliko wafanyabiashara, Burhani, mwenye chumba, alikata ukanda wa boksi akaubandika chini ya televisheni. Maandishi yakazibwa. Kila mtu na macho yake, hakuna wa kumzidi mwenzake.

Filamu ikiisha, kila mmoja anaeleza alichoelewa. Wanabishana mpaka koo zinakauka, kisha wanaandika alama kwenye vikaratasi na kuvitia kwenye kofia. Ukipata wastani chini ya tano kwa kumi, umetoka, na hurudi hata kutazama tu. Wilbard alikuwa ameshatoka. Alileta filamu ya saa tatu ambamo kulikuwa na trekta, na bwana mmoja akiliangalia trekta.

Walikutana kwa Burhani, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekodi chumba cha hoteli Sanyuanli kwa mwezi mzima. Televisheni yenyewe ilikuwa mzigo wa kwenda Dar es Salaam. Kila Jumapili aliitoa kwenye boksi ikiwa na nailoni yake, na kila jioni aliirudisha kwa upole kama anayelaza mtoto, akiwaapisha wote kwamba mteja wake asijue.

Kazija alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mkubwa kuliko wote pale, na alikipenda chumba kile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Siku sita za wiki watu walimwita laoban, bosi, na neno hilo lilimaanisha lete oda. Hakuna aliyemuuliza anafikiri nini. Jumapili ndipo alipoulizwa, na akijibu watu walinyamaza wamsikilize, hata Humphrey, ingawa Humphrey alisikiliza huku akitabasamu upande mmoja wa mdomo. Kwa hiyo kutolewa, kwake, hakukuwa mchezo. Wiki yake ingebaki na siku sita tu.

"Dada Kazija," Humphrey alimpokea mlangoni, "isiwe ya kuimba kwenye mvua, tafadhali."

"Mwanangu, hii hawaimbi. Nimemuuliza laoban wa CD mara tatu. Kaapa."

"Amekuapia kwa lugha gani?"

"Kwa mikono."

Muthoni, msichana wa Nakuru anayesomea uinjinia, alicheka mpaka akamwagia soda godoro la Burhani. Agape alikuwa ameshakaa chini na magoti yake ameyakumbatia. Huyu alikuwa msichana mdogo kuliko wote, miaka kumi na tisa, mwaka wake wa kwanza Uchina, bado anajifunza lugha. Miezi minne hakuwa amepata barua kutoka kwao Iringa. Hakulalamika, ila kila mtu aliacha kumuuliza.

CD ya kwanza ikaingia kwenye deki.

Lo! Kazija alijua tangu dakika ya tano kwamba amechagua vizuri. Baba dereva wa lori lililochorwa tausi mlangoni, na binti yake wa miaka tisa hivi, amebeba saa ya ukutani ndani ya blanketi. Wanasimama kwenye mgahawa wa njiani. Baba anapewa habari fulani, anapanda lori mbiombio, huku akidhani mtoto amelala nyuma. Mtoto yuko chooni. Lori linaondoka.

"Weee!" Burhani alisimama. "Angalia nyuma, mjinga wewe!"

Binti akalifuata lori lile kwa miguu, kwa punda, kwa mkokoteni wa muuza matikiti, saa mgongoni. Kila alipofika aliwaonyesha watu kwa mikono: mkia wa tausi. Wengine walielekeza huku, wengine kule. Agape alikuwa ameng'ata upindo wa kitambaa chake cha kichwa. CD iliisha binti amesimama njia panda, upepo unavuma, theluji ya kwanza inadondoka.

"Badilisha! Badilisha haraka!" walipiga kelele wote.

Kazija alitoa CD ya pili kwenye kasha. Ilichorwa kondoo. Alijisemea kwamba huenda kondoo watatokea mbele, akaisukuma ndani.

Kweli walitokea. Kijiji kimezama kwenye theluji, na bibi kizee mmoja yuko peke yake nyumbani, anakanda unga. Ukutani pametundikwa saa. Bibi anaoka mkate, anaweka vikombe viwili mezani, anakaa, anasubiri. Hakuna anayekuja. Kesho yake vikombe viwili tena. Ikawa hivyo, kondoo wakitoka na kurudi, mpaka siku ya mwisho kikombe kimoja kikawa mezani na bibi hayupo.

Halafu chumba kikalipuka.

"Ni yeye!" Humphrey alikuwa amepanda juu ya kitanda na viatu vyake. "Saa ni ile ile, mmeiona? Yule bibi ndiye binti! Alifuata njia isiyo sahihi pale njia panda, akafika kijijini, akakaa maisha yake yote akimsubiri baba! Mwongozaji ameruka miaka sitini kwa mkato mmoja! Mkato mmoja, jamani!"

"Manze, lakini hata lugha ilichange," alisema Muthoni.

"Lahaja! Amehamia milimani!"

"Na lile lori?"

"Ndiyo maana hatulioni tena, Muthoni. Hatulioni kwa sababu hata yeye hakuliona."

Burhani alishika kichwa. Muthoni alisema nywele zimemsimama. Walipokezana, walikatizana, walirudia kile kikombe cha pili, nacho kila kiliporudiwa kilizidi kuwa na maana. Humphrey alishuka kitandani akaja mbele ya Kazija na kuvua miwani.

"Dada Kazija, nisamehe. Nilidhani wewe utatuletea machozi na nyimbo. Hii ndiyo filamu bora tuliyotazama. Mimi natoa kumi."

Kazija alifurahi hata masikio yakamuwaka. Akainamisha kichwa kwa haya, na macho yake yakaangukia kasha lililokuwa mapajani. Nyuma ya kasha zilikuwepo picha nne ndogo. Binti na saa. Binti na punda. Binti njia panda. Na ya nne: lori la tausi, na baba amepiga magoti barabarani, binti yumo mikononi mwake.

Aliitazama mara ya pili. Bibi hayumo. Kijiji hakimo. Kondoo hayumo hata mmoja.

Muuza CD alikuwa amechanganya. Walikuwa wametazama nusu ya filamu hii na nusu ya filamu nyingine, na daktari wa watu amezishona pamoja kwa uzi wa maneno.

Burhani alianza kugawa vikaratasi. Kazija aligeuza kasha, picha zikatazama chini. Nani angejua? Alama zingekuwa kumi, tisa, tisa, tisa. Humphrey alikuwa amemwomba radhi mbele za watu. Akisema, anamvua nguo kijana wa watu, na yeye mwenyewe anakuwa yule mama wa viatu aliyeshindwa hata kununua filamu. Alinyamaza. Alikwisha amua kunyamaza.

"Kwa hiyo hakufika," Agape alisema.

Alisema polepole, hakuna aliyemsikia ila Kazija. Machozi yalimtiririka na wala hakuyafuta.

"Alitembea kote kule. Na baba yake hakumtafuta, bi Kazija? Alimsahau tu?"

Kazija alishindwa. Msichana huyu angeondoka hapa, apande basi peke yake arudi bwenini, alale na jambo hilo. Na jambo lenyewe ni uongo.

"Alifika," Kazija alisema. "Alifika, mwanangu. Tazama." Akampa kasha.

Ilichukua dakika nzima kwa kasha kuzunguka chumba. Muthoni aliitazama picha, akaitoa CD kwenye deki, akamwona kondoo, akaanza kutetemeka. Kisha akajitupa sakafuni akicheka. "Lahaja!" alilia. "Amehamia milimani! Woi, buda, miaka sitini kwa mkato mmoja!"

Burhani naye akaangua kicheko. Humphrey peke yake hakucheka. Alisogeza picha karibu na miwani, akaishikilia hivyo muda mrefu.

"Umejua saa ngapi?" aliuliza.

"Ulipokuwa unaniomba radhi."

"Na ungeweza kunyamaza."

"Nilikwisha nyamaza. Huyu mtoto ndiye aliyenishinda."

Burhani alifuta macho, kisha uso ukamshuka. Yeye ndiye mtunza kanuni, na kanuni aliziandika kwa mkono wake na kuzibandika ukutani. "Jamani, namba saba. Filamu isiyoonyeshwa mpaka mwisho haina alama. Ni sifuri." Alikohoa. "Sikuiandika kwa ajili yako, bi Kazija. Wallahi niliiandika kwa ajili ya Wilbard, alipotaka kuruka saa nzima ya trekta."

Hakuna aliyebisha. Kazija alitabasamu kama mtu mzima anavyotakiwa, akachukua mkoba, akatafuta viatu vyake mlangoni. Uchungu ulimpanda, mkali, wa kitoto kabisa. Alishika kitasa.

"Kabla hujaondoka," Agape alisema, "ilikuwaje wakakutana?"

"Mwanangu, sijui. Sijaiona."

"Lakini unafikiri ilikuwaje?"

Kazija alisimama. Hilo swali alikuwa amewahi kuulizwa. Alipokuwa na miaka kumi na mbili, Unguja, shangazi yake Rukia alifiwa na mume, akakaa eda miezi minne na siku kumi bila kuvuka kizingiti. Wanawake wa mtaa walichanga pesa ya tiketi moja, wakampa Kazija aende sinema ya wanawake alasiri. Akirudi anakaa juu ya mkeka katikati yao, anawaonyesha picha nzima kwa mdomo na mikono, nyimbo, vilio, steringi na adui. Siku moja umeme ulikatika filamu ikiwa katikati. Alirudi akilia. Shangazi Rukia akamwambia: "Hebu kaa. Unafikiri ilikuwaje?"

Kazija alivua viatu tena, akarudi, akakaa chini.

"Pale njia panda," alianza, "hajui aende wapi. Anakaa juu ya jiwe, anaifungua ile saa. Imesimama. Anaitia ufunguo, krr, krr. Ikaanza kugonga: ngoo! Na kule bondeni, baba amesimamisha lori. Tangu juzi anauliza kila mtu, mmemwona mtoto na blanketi? Hajala. Ndevu zimemjaa vumbi. Injini imezima kwa sababu imepata moto, ndiyo maana akasikia. Injini ingekuwa inawaka, asingesikia. Anasema: saa hiyo naijua."

Aliinuka kwa magoti, akawa baba, anatega sikio. Akawa upepo. Akawa binti, mgongo umepinda kwa mzigo, anahesabu milio kwa vidole. Burhani alikuwa ameacha mdomo wazi. "Mpigie honi!" Muthoni alifoka. "Anapiga honi, na honi imekufa," alijibu Kazija, na chumba kikaguna kwa uchungu. Baba anakimbia. Saa inagonga mara ya saba, ya nane, ikinyamaza amepotea. Mara ya kumi. Mara ya kumi na moja. Na kwenye mlio wa kumi na mbili, mlango wenye tausi ukatokea kwenye ukungu, kwa maana baba alikuwa ameung'oa na kuubeba kichwani, ili mtoto auone kwa mbali.

Agape alipiga kelele. Kelele ya furaha, mikono yote miwili mdomoni.

"Akapiga magoti pale barabarani," Kazija alimaliza, "kama mnavyomwona kwenye picha."

Humphrey aliinuka, akaenda ukutani, akachukua kalamu ya Burhani na kukata namba saba kwa mstari mmoja. Kisha akaandika kikaratasi chake, akampa Kazija mkononi badala ya kukitia kwenye kofia. Tisa.

"Moja nimeikata," alisema, "kwa sababu kwenye picha mlango haujang'oka."

Jumatatu asubuhi Kazija alikuwa Liuhua kabla soko halijafunguka. Laoban alisema meiyou, hakuna, akasema tena meiyou, mpaka Kazija alipoketi kwenye kigoda chake na kukataa kuondoka. CD ya pili ilipatikana ndani ya kasha la filamu ya kondoo. Jumapili iliyofuata waliitazama, ukanda wa boksi mahali pake, wote wamebanana mbele kuliko siku zote. Binti akafika mjini, akaliona lori limeegeshwa kando ya barabara. Baba akapiga magoti, akamkumbatia. Saa haikugonga hata mara moja.

Burhani alizima deki.

"Huyu mwongozaji," Humphrey alisema hatimaye, kwa hasira ya kweli, "kwa nini hakumuuliza dada Kazija?"