Abiria wa Safu ya Ishirini na Mbili

Jumatatu asubuhi karani wa tiketi alipangusa kaunta, akawasha kompyuta, akamgeukia mama aliyekuwa ameshakaa kwenye benchi.

"Bado, mama. Zimebaki kilomita elfu tatu na mia mbili."

"Jana zilikuwa ngapi?"

"Hizohizo."

Kutoka mji huu hadi ule alikokuwa akifanya kazi za ndani binti wa mama huyo ni kilomita elfu tano, mwendo wa saa sita na nusu kwa ndege. Ndege aliyopanda binti ilitua siku kumi na tisa zilizopita, kwa wakati wake, abiria wakachukua mabegi yao wakaenda zao. Binti peke yake hakuwamo. Hata kiti chake hakikuwamo. Pale safu ya ishirini na mbili palikuwa na pengo lililofagiwa vizuri. Shirika lilieleza kwa barua yenye mhuri kwamba bosi wake hakusaini ruhusa ya kuondoka, na abiria asiye na ruhusa huchelewa njiani.

Karani hakushangaa. Aliwahi kumhudumia mpishi mmoja aliyekaa angani miezi minne, akashuka na ndevu. Kilichomuuma ni baba wa binti, aliyelala hoi nyumbani, akiuliza kila jioni mwanawe amefika wapi.

"Subira huvuta heri," karani alisema, na papo hapo akajionea aibu.

"Basi ivute upesi," mama akajibu. "Mzee wangu hana siku."

Alhamisi akaingia bosi mwenyewe. Alikuja kutalii, kwa ndege ya njia ileile, saa sita na nusu, hata shingo haikumuuma. Mama alimjua kwa picha alizotumiwa na binti. Akainuka, akampisha mbele yake. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyolelewa.

"Nakuomba saini tu, bosi. Baba yake anatutoka."

"Jamani, pole sana mama. Mambo hayo niliyaacha nyumbani. Nikirudi nitaangalia." Akaegemea kaunta. "Dada, kurudi nipatie kiti cha dirishani."

Karani alitamani kumrushia mashine ya kuchapia tiketi. Moyo ulimwaka kweli. Akampatia kiti cha dirishani.

Baba alizikwa Jumamosi. Jumatatu mama alikuja saa zilezile, akaketi palepale. Karani alimpa mkono wa pole, kisha akatazama kompyuta. Elfu tatu na mia mbili.

"Huko juu ana habari?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Hawapati habari."

"Afadhali. Lakini chakula wanapewa?"

"Wanapewa," karani akasema, ingawa alijua ndege ile ilipakiwa chakula cha saa sita na nusu.