Mume Wangu Hakufa Busiu

Nilimuuliza Zubair mara tatu kwa simu. Mara ya kwanza nilitaka kujua kama ukumbi wa mchezo wake uko chini au ghorofani. Mara ya pili nikauliza kama kuna choo ambacho kiti cha magurudumu kinaweza kuingia. Mara ya tatu nikauliza kama kutakuwa na honi au taa za kuwaka na kuzima, kwa sababu mwili wa mume wangu hauvistahimili vitu hivyo. Mara zote alinijibu kwa ile sauti yake tamu: "Mama Sheryl, usijali. Sisi tumepanga yote. Mzee atakaa mbele, mgeni wa heshima."

Mume wangu anaitwa Nyongesa. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha trela kutoka Mombasa mpaka Juba, nami nikawa nauza mitumba hapa Jinja, kwa kuwa Jinja ndiko alikopitia mara nyingi kuliko nyumbani kwetu Kenya. Miaka mitatu iliyopita breki zilimkatalia karibu na Busiu, kwenye barabara ya Tororo kwenda Mbale, trela likalala ubavu na uti wake wa mgongo ukavunjika. Tangu siku hiyo hatembei. Na honi kubwa ikilia ghafla karibu naye, au taa kali ikimpiga machoni, miguu yake inakakamaa na kumtupa kama mtu aliyeshikwa na umeme. Lakini ni mzima. Nyumbani kwetu Mafubira, hapa Jinja, anatengeneza redio na simu za majirani, ana wateja, na ana maoni juu ya kila kitu, hata namna ninavyokaanga samaki.

Zubair ni mwongozaji wa kikundi cha michezo ya kuigiza huko Mbale. Mwaka jana alikuja kwetu na kinasa sauti. Siku mbili alikaa sebuleni, akila chakula changu, na Nyongesa akamweleza yote: asubuhi ile ya ajali, miezi ya hospitali, aibu ya mwanamume kuvishwa suruali na mkewe, na jinsi tulivyojifunza tena kucheka. Zubair alipoondoka alisema hadithi hiyo lazima watu waione jukwaani. Nyongesa alifurahi mpaka akajinunulia shati jipya.

Basi Jumamosi moja mchana tukafika Mbale kwa gari la kukodi. Nikauliza ukumbi uko wapi. Mlinzi akanyoosha kidole juu, juu ya maduka ya vitambaa.

Zilikuwa ngazi ishirini na mbili, nyembamba, na kona katikati.

Zubair akashuka anakimbia, ametabasamu. "Karibu, Mzee! Usiogope, vijana watakubeba."

"Nilikuuliza," nikamwambia.

"Mama, ni dakika mbili tu."

Nyongesa hakutaka. Nilimwona akiangalia zile ngazi, kisha akiangalia shati lake. Waigizaji wanne wakamshika, mmoja huku, mmoja kule, hakuna hata mmoja aliyemuuliza ashikwe wapi. Kwenye kona suruali yake ikapanda, na mfuko wa mkojo uliofungwa mguuni ukaonekana. Watu waliokuwa wakipanda nyuma yetu walikuwa wametoa simu wanapiga picha. Mwanamke mmoja akasema, "Maskini," kwa sauti, kana kwamba mume wangu hana masikio. Nilimvutia suruali chini kwa mkono mmoja huku mkono wa pili nimebeba kiti.

Ndani, ile nafasi ya mbele ilikuwa imejaa viti vya plastiki vya wakubwa. Msimamizi wa mlango akasema kiti cha magurudumu kinaziba njia. Tukasogezwa mpaka ukutani, nyuma ya nguzo, kando ya spika yenye urefu kama wangu. Pale nusu ya jukwaa ilikuwa haionekani.

Kando yetu alikaa mwanamke wa Kinubi kutoka mtaa wa Nabuyonga hapo hapo Mbale, jina lake Ramlah, pamoja na binti yake Shamim, msichana mkubwa wa miaka ishirini hivi, aliyeziba masikio kwa viganja vyake tangu muziki ulipoanza. Ramlah aliniambia polepole kwamba Shamim anapenda sana michezo, anashika maneno ya waigizaji wote akisikia mara moja, ila kelele zinamuumiza kama mtu anayepigwa. "Nimewaomba wapunguze sauti," akasema. "Wameniambia nimuache nyumbani."

Mchezo ukaanza. Mwanzoni ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Kijana aliyeigiza dereva alikuwa na ule ucheshi wa Nyongesa, na Kadija, aliyeigiza mimi, aligombana naye kuhusu samaki mpaka ukumbi mzima ukacheka. Nyongesa alikuwa ameinama pembeni ya nguzo ili aone, anatabasamu.

Kisha taa zikazimwa zote.

Honi ya trela ikalia kwenye ile spika, mita moja kutoka sikioni mwake. Taa nyeupe zikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Katika mwanga ule nikamwona mume wangu vipande vipande: miguu imenyooka, mgongo umejipinda, halafu kiti kitupu. Alikuwa ameanguka sakafuni. Shamim alipiga kelele moja ndefu. Na watu, kama Ramlah anavyosema mpaka leo, wallahi watu walipiga makofi! Walidhani ni sehemu ya mchezo.

Sikumbuki nilipandaje jukwaani. Nakumbuka nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa nguvu zangu zote: "Washa taa! Zima hiyo honi! Sasa hivi!"

Pale Mbale watu wazima bado wana kumbukumbu ya Kiswahili cha amri, kile cha wanajeshi wa zamani, na mzee mmoja wa mstari wa mbele akajibu kabla hajafikiri, "Ndiyo, afande." Taa zikawaka.

Zubair akatokea nyuma ya pazia, uso umemwiva. "Mama Sheryl, unaharibu kazi ya watu!"

"Kazi ya watu iko sakafuni pale," nikamwambia. "Nenda ukaiokote."

Tulimrudisha Nyongesa kitini, mimi na Ramlah. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu, na shati jipya limechafuka. Nilikuwa tayari kuondoka. Lakini yeye akaufuta uso wake, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Siendi popote. Hiyo ni hadithi yangu na nataka kuona mwisho. Taa zibaki. Honi basi. Na mnitoe nyuma ya hii nguzo."

"Mchezo hauigizwi hivyo, Mzee," Zubair akasema. "Taa zikiwaka, watu hawaingii ndani ya hadithi."

"Mimi nilikuwa ndani yake mchana kweupe," Nyongesa akajibu.

Ni Kadija aliyemaliza ubishi. Alishuka, akawaomba wakubwa wawili wasimame, akaviondoa viti vyao na kumsukuma Nyongesa mpaka mbele. Akamwambia Shamim, "Sasa hakuna kelele, dada, nakuahidi." Halafu akarudi jukwaani, akapiga magoti, akaendelea pale walipoachia.

Na hapo ndipo nilipojua mwisho wao. Kadija alikuwa amepiga magoti kando ya shuka nyeupe. Chini ya shuka alilala dereva. Wanakikundi wakaimba wimbo wa mazishi, mmoja akashika msalaba wa mbao. Kadija alitakiwa kulia. Alifungua kinywa, akamtazama Nyongesa, akakifunga tena.

"Mmeniua?" Nyongesa akauliza.

Akakigeuza kiti kumwelekea mwongozaji.

"Zubair, nilikwambia siku mbili nzima jinsi ninavyoishi. Mmeniua?"

Zubair alisimama pembeni ya pazia akichezea ufunguo. "Mzee, ni sanaa. Watu wanataka kulia. Mwisho wa mtu kukaa kwenye kiti... ungekuwa mgumu. Tungeuonyesha vipi?"

Nimeishi na hasira nyingi katika miaka hii mitatu. Hasira kwa hospitali, kwa benki yenye kizingiti, kwa watu wanaoniuliza mimi, "Atakunywa soda gani?" wakati yeye anawatazama. Lakini hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Walichukua aibu yake, wakachukua vichekesho vyake na ugomvi wetu wa samaki, halafu wakaona afadhali afe kuliko wamtafutie nafasi jukwaani. Na hata kwenye viti hawakumtafutia.

Nyongesa hakupiga kelele. "Ile sauti uliyorekodi," akasema, "utanirudishia. Na mchezo huu hauigizwi tena mpaka niishi."

Wiki mbili Zubair hakupiga simu. Alipopiga, alizungumza habari za gharama, za tarehe ambazo tayari zilitangazwa Jinja. Nyongesa alimsikiliza mpaka mwisho huku akichomelea waya wa redio, kisha akamsomea masharti yake: ukumbi wa chini, usio na hata kizingiti kimoja, mlangoni kuwe na tangazo la kila sauti kubwa na kila taa kali, na dakika itakapotokea, chumba kimya kando kwa anayetaka kupumzika na kurudi, na mwisho waandike upya, naye akiwepo. Zubair akasema atafikiri. Hakufikiri, alikasirika, akasema sisi ni watu wa shida. Lakini Kadija na wenzake watatu walimwambia kwamba bila hayo hawapandi jukwaani, na bila Kadija hana mchezo.

Waliigiza Jinja mwezi uliofuata, katika ukumbi wa parokia ulio sawa na ardhi. Ramlah alimleta Shamim kutoka Mbale. Msichana alitoka mara mbili kwenda chumba kimya na mara mbili akarudi. Mwanamume mmoja nyuma yangu alilalamika kwamba taa hazikuzimwa, kwamba hiyo si sanaa, ni mkutano wa kijiji. Niligeuka nikamwambia afumbe macho, atapata giza lake.

Katika onyesho la mwisho dereva aliingia akiwa kwenye kiti cha magurudumu, anagombana na mkewe. Kijana alikigeuza kiti vibaya, gurudumu likanasa kwenye zulia. "Vuta la kushoto nyuma kwanza!" Nyongesa akampigia kelele kutoka kwenye kiti chake. "La kushoto, bwana!" Ukumbi ukacheka, kijana akajaribu tena, akapita.

Baada ya mchezo Zubair alikuja kunisalimia na mkono wake mbele. Sikuupokea. Nilimuuliza kama amekwishazungumza na mwenye ule ukumbi wa Mbale kuhusu zile ngazi. Akasema bado. Nikamwambia basi tutasalimiana siku atakapozungumza naye.