Jiwe la Chumba cha Tende

Wapo watu ukiwaambia wasiende ndio kwanza wanatafuta viatu. Shukriya alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Unguja mjini, akasoma Kiingereza na kupiga taipu, na alipoletwa Ibra, bara ya Maskati, na mumewe Zuhair alikuja na imani kwamba kila wasemalo wazee wa huku ni mambo ya kizamani. Kwa hiyo mama mkwe wake, Bi Ghaniya, alipomwambia kuwa chumba cha tende si cha kukaa mtu, alicheka. Laiti angalijua, asingalionyesha hata jino moja.

Mwaka ulikuwa sabini na saba. Kampuni moja ya kutengeneza barabara, yenye ofisi yake Mudhaibi, ilikuwa imempa mashine ya taipu akafanyie kazi nyumbani, maana mumewe alikuwa Maskati wiki nzima na mtoto wao, Aliya, alikuwa na miaka mitatu tu. Kila Jumatano dereva aitwaye Marzouq alikuja kuchukua karatasi. Hapana mwanamke mwingine mtaani aliyekuwa na kazi kama ile, na Shukriya hakuacha mtu asahau.

Kwanza aliiweka mashine chumba cha juu. Loh! Umeme ulikuwa bado haujafika mtaani kwao, na jua la Ibra ni jua kweli. Jasho lilimdondokea juu ya karatasi, na mgongo ukamuuma mpaka akawa anainuka kama kizee. Baada ya siku nne akasema liwalo na liwe, akashuka chini kwenye chumba cha tende, chenye kuta nene za udongo na kidirisha kimoja.

Akakitengeneza kwa raha zake. Mlango mkongwe uliokuwa umeegemezwa uani aliufanya meza. Chini ya taipu alikunja blanketi ili kelele zipungue, kwenye kiti akatia mto wa sufi, na kiti akakigeuza ili mwanga wa dirisha umjie kutoka kushoto. Magunia ya tende aliyavuta moja moja hadi ukuta wa pili. Chini ya gunia la mwisho akaona jiwe pana, bapa, lililofunika tundu sakafuni. Alipolisogeza kidogo kwa mtaimbo, hewa ya baridi ilimpanda miguuni.

Chini mlipita falaji, ule mfereji wa maji ya mlimani unaopita chini ya nyumba za mtaa kabla ya kufika mashambani. Maji yalikuwa meusi na yanakwenda mbio, wala hayakuwa mbali, kiasi cha urefu wa mkono kutoka sakafuni. Shukriya akasogeza kiti mpaka hapo, akavua viatu, akaninginiza miguu juu ya tundu. Alisema peke yake kuwa hata wakubwa wa Maskati na mashine zao za baridi hawana ofisi kama hii.

Bi Ghaniya akaja akasimama mlangoni, asiingie. Yeye alizaliwa humo humo Ibra, akapelekwa Unguja akiwa mke wa mtu, akakaa huko miaka mingi, akarudi mwaka wa sitini na nne na mabegi mawili. Si mwanamke wa maneno mengi. Siku ile alisema kwamba ndani ya mfereji ule mna jini, na jini huyo huchukua watoto, na jiwe lirudishwe mahali pake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Shukriya aliona hivyo, akadhani ni ukaidi wa uzee.

Aliya alikuwa nyuma ya bibi yake, ameshika nguo yake, macho yamemtoka. Shukriya hakutaka mwanawe akue na hofu za kijinga. Akamwita, akamwambia mbele ya bibi yake, "Bibi anakutania, mwanangu. Hakuna jini wala nini. Ni maji tu." Bi Ghaniya aligeuza uso. Aliondoka.

Lakini ndani ya chumba kile Shukriya hakupata raha aliyoitafuta. Siku ya pili aliliacha jiwe wazi, akaenda kula chakula cha mchana na kulala kidogo. Aliporudi alilikuta limefungwa, limekaa barabara kama halijaguswa. Akalifungua tena. Siku ya tatu, vile vile. Jiwe lile yeye mwenyewe, na ujana wake wote, lilimtoa jasho hata kwa mtaimbo. Nani mwingine nyumbani humo? Mtoto na kizee. Akaanza kutazama nyuma kila aliposhika kitasa cha mlango.

Halafu zikaja sauti. Ilikuwa baada ya adhuhuri, mtaa umenyamaza, yeye ameinamia barua ya saruji na lami, mara akasikia mwanamke anacheka chini ya miguu yake. Alivuta miguu juu kama aliyeguswa na nyoka. Akasikia mnong'ono, kisha kicheko tena, kisha maji tu. Kwao Unguja maji hukaa kisimani, hayatembei nyumba kwa nyumba, wala hayachukui maneno ya watu. Shukriya akasoma Ayatul Kursi, na vidole vilivyokuwa vikikimbia juu ya taipu vikawa vinakosea kila neno.

Ungelidhani atafunga jiwe na kurudi juu. Thubutu! Angemwambia nini mama mkwe wake? Alikwisha kucheka mbele yake, alikwisha kumtukanisha mbele ya mtoto. Afadhali aogope kimya kimya. Ikawa kila siku anaingia moyo uko mkononi, anafungua, anafanya kazi huku masikio yote yako chini, anatoka. Aliya alikuwa akichungulia mlangoni, naye humfukuza, bila kumpa sababu. Sababu yenyewe alikwisha kumnyima.

Jumatano ile joto lilikuwa la kuua. Ilibaki barua tatu, na Marzouq anakuja alasiri. Shukriya alilisukuma jiwe lote, tundu likabaki wazi kabisa, akapiga kazi mpaka koo likamkauka. Akaenda jikoni kunywa maji na kutia chungu cha wali motoni. Hakukaa sana. Kiasi cha kuosha mchele na kuukoleza moto, basi.

Aliporudi aliona kandambili mbili ndogo, nyekundu. Zilikuwa zimewekwa pembeni ya tundu, moja kando ya mwenzake, sawasawa kama yeye Shukriya anavyoweka viatu vyake.

Akaita. Akaita tena kwa sauti isiyokuwa yake. Alikimbia uani, akapanda juu, akarudi, akafungua hata kasha la nguo. Bi Ghaniya naye hayupo. Mlango wa nje umeachwa wazi, hakuuona, macho yake yalikuwa yanaona kitu kimoja tu, zile kandambili. Alijitupa kifudifudi juu ya sakafu, akatia kichwa ndani ya tundu, akaita jina la mwanawe katika giza.

Na giza likamjibu. "Mama! Mama, maji baridi!"

Ilikuwa sauti ya Aliya, ya mbali, yenye mwangwi. Shukriya hakufikiri. Alishuka. Maji yalimfika magotini na yakataka kumwangusha papo hapo. Juu paa la mawe lilikuwa chini kiasi cha kumlazimisha aende kwa mikono na magoti, uso karibu na maji. Hakuona kitu. Alipapasa mbele, kushoto, kulia, akitaraji kila mara mkono wake utagusa nywele. Hilo ndilo lililomtisha kuliko majini wote wa duniani, kwamba atagusa nywele. Mawe yalimchuna mgongo na magoti, maji yakamwingia mdomoni. Alimwomba Mungu achukue kazi, achukue nyumba, amchukue yeye.

Kisha akaona mwanga. Akatokea kichwa mbele, mahali pa kuogea wanawake, chini ya njia, pale ambapo mfereji unafunguka nje. Palikuwa mbali kwa njia ya kuzunguka, lakini kwa maji palikuwa hapo hapo; kumbe vicheko vile vilikuwa vya wanawake waliokuja kuoga. Kwenye ngazi ya jiwe alikaa Bi Ghaniya, na mapajani mwake Aliya, mkavu, amefungwa ndani ya shela ya bibi yake, vidole vya miguu tu vimelowa.

Shukriya alitaka kulia, akashindwa. Bi Ghaniya alikuwa anamtazama kama anayemtazama maiti anayefufuka.

"Hapo hapo," alisema. "Alitokea hapo hapo."

"Nani, Mama?"

"Kaltham. Mwanangu wa kwanza. Alikuwa na miaka mitatu."

Akaeleza, akitazama maji, si mtu. Wakati huo yeye alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, anashona kofia za kuuza, na joto kama hili. Akalifungua jiwe lile, akakaa na miguu yake juu ya tundu, akishona kwa raha. Akainuka kwenda kuchukua uzi. Basi. Maji hayazidi magoti ya mtu mzima, lakini maji ya kifuu bahari ya chungu. Mwaka wa pili mumewe akampeleka Unguja ili asiione tena nyumba ile, na huko ndiko alikozaliwa Zuhair, ambaye hakuambiwa. Tangu arudi, yeye ndiye aliyepanga magunia juu ya jiwe. Na wiki hii, kila mchana Shukriya akilala, yeye ndiye aliyelifunga kwa mtaimbo, akisimama kupumua kila liliposogea upana wa kidole. Leo alimkuta Aliya amekaa ukingoni ananinginiza miguu. Alimnyakua akatoka naye mbio, na miguu yake ikamleta hapa yenyewe.

"Na jini?" Shukriya aliuliza.

"Walinitungia wanawake wenzangu," alisema Bi Ghaniya. "Ili nisiambiwe ni mimi."

Shukriya akapanda maji yakimchuruzika, akapiga magoti kwenye ngazi, akambusu mama mkwe wake mkono, kisha akaulaza uso wake juu ya mkono ule na kulia. Bi Ghaniya alimwacha alie, kisha akamwambia waende, wali unaungua.

Nyumbani walilirudisha jiwe wawili pamoja. Shukriya alisema mashine itarudi juu, au irudi Mudhaibi kabisa. Bi Ghaniya alikataa. Alikwenda kuleta mkeka wake, akautandika juu ya jiwe, akakaa juu yake na kumpakata mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza Shukriya kumwona amevuka kizingiti cha chumba kile.

"Kaa umalize barua zako," alisema. "Mimi niko hapa."

Shukriya akakaa. Hakukuwa na hewa ya baridi tena, na hakuweza kupiga mstari mmoja usio na makosa. Nje, honi ya Marzouq ilisikika mwisho wa njia.

Aliya alipapasa mkeka kwa kiganja. "Mama," aliuliza, "humu ndani mna jini?"

Shukriya alimtazama Bi Ghaniya, na Bi Ghaniya akainamisha macho.

"Yumo, mwanangu," Shukriya alisema. "Bibi alisema kweli. Yumo."