Kadi ya Kiti Namba Tisa

Prudence alikuwa amefika kiti namba saba. Aliandika kwa wino mweusi, herufi kubwa, maana macho ya mumewe Tharcisse hayakuwa mazuri: "7. Patrick. Nyumbani anawaambia ni meneja. Anaosha masufuria." Akaipuliza kadi ikauke, akaiweka juu ya zile sita, akavuta nyingine.

Hivyo ndivyo mume wake, mchekeshaji, alivyopata sifa. Popote watu wa Uvira, Bukavu na Bujumbura walipokusanyika Toronto, ilijulikana kwamba ukimzomea Tharcisse jukwaani utajuta. Anakuuliza umekaa kiti gani, anajikuna kifuani kama mtu anayefikiri, kisha anakutolea jambo ambalo hata ndugu yako halijui. Watu walisema ana pepo. Hakuwa na pepo. Alikuwa na kadi ndani ya koti, kadi ziliandikwa na mkewe, na mkewe habari alizipata kwenye simu. Watu walipompigia kuweka nafasi, aliwauliza hali. Alikuwa na sauti laini, isiyo na haraka, na mtu aliyekaa wiki nzima bila kuulizwa hali humwambia yote anayemuuliza.

Sasa sifa zilikuwa zimefika mbali. Mwanamke aitwaye Minaz alikuwa anatengeneza filamu kuhusu wachekeshaji na watu wanaowazomea, filamu ya mambo ya kweli, isiyo na waigizaji. Jumatano alikuja na kamera nyumbani kwao, hapa hapa Parkdale, akamkalisha Tharcisse kwenye kochi.

"Unawajibuje haraka hivyo?" aliuliza, kwa Kiswahili alichojifunza kwa bibi yake.

"Mungu akikupa kitu, usimuulize," alijibu Tharcisse.

Prudence alikuwa anaweka chai mezani. Minaz akamwomba radhi, asogee kidogo, alikuwa ameingia kwenye picha.

Kesho mchana kamera zingekuwa kwenye ukumbi wa kanisa kule Etobicoke, na kadi zilitakiwa ziwe tayari.

Simu iliita. Aliiweka kwenye spika ili mkono ubaki na kalamu.

"Dada Prudence! Bado kuna viti?"

Alikuwa Nicole, rafiki yake wa pekee katika mji huu. Baridi ya kwanza walilala chumba kimoja katika hosteli ya wakimbizi, wakiwa na koti moja zito. Aliyekuwa na miadi ofisini ndiye aliyelivaa, mwenzake akabaki ndani. Mwaka jana Nicole alichoshwa na vichekesho vya zamani, akasimama katikati ya onyesho. "Baba, hizo tulizicheka Uvira! Lete mpya!" Watu wakapiga makofi. Tharcisse akajikuna kifuani.

"Mama, hata mtoto wako akisikia sauti yako anakata simu. Sisi tufanye nini?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nicole alikaa taratibu, akaweka mkoba mapajani, akaukumbatia mpaka mwisho.

Ilikuwa kweli. Alimwacha binti yake Asifiwe katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa mama yake mdogo, akiwa na miaka mitano, na karatasi za kumleta zikachukua miaka kumi na mmoja. Hilo la simu Nicole alikuwa amewaambia watu wawili tu, Prudence na wifi yake Goreth. Akawaza wiki nzima ni nani kati yao aliyemsaliti, akaamua ni Goreth. Hakusema naye tena. Mwezi wa nne Goreth akafariki, na Nicole hakwenda kuzika. Prudence alikwenda. Alikuwa anapakua wali aliposikia mama wa marehemu akiuliza, "Na Nicole yuko wapi?" Akaendelea kupakua.

"Viti vipo," alisema sasa.

"Nipe viwili vya mbele. Yule Minaz amenipigia, anataka nikae pale pale nilipokaa mwaka jana. Tena siji peke yangu. Asifiwe amefika. Jumanne."

Prudence akaweka kalamu chini. "Nicole! Na hukuniambia?"

"Ningesema nini, dada? Ananiita madame, kama mgeni." Nicole alicheka kidogo, kicheko kikaisha vibaya. "Madame, naomba chumvi. Madame, naweza kuoga? Jana nimempeleka kununua viatu, muuzaji akauliza kama ni binti yangu. Mtoto akanitazama aone nitajibu nini."

"Atazoea."

"Ndiyo maana nakuja naye. Nataka anione nimesimama mbele ya mtu aliyenicheka kwa ajili yake. Nitamwambia Tharcisse, huyu hapa, amekuja, nicheke tena. Labda mtoto ataamini kwamba nilimtaka." Akashusha sauti. "Ni wewe tu umejua. Safari hii hakuna Goreth wa kupeleka maneno."

Prudence aliinua macho. Tharcisse alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, taulo shingoni. Alikuwa amesikia yote. Akainua vidole viwili akavichezesha hewani, kama mtu anayeandika.

Mkono ule aliujua. Kila Jumapili mama yake Tharcisse alipopiga simu kutoka Uvira, mkono huo huo uliinuka, shavu likaegemea kiganja: sema nimelala. Kwa miaka minne Prudence alimwambia yule bibi kwamba mwanawe amelala, na bibi alijibu, "Mwache apumzike, anafanya kazi sana."

"Nicole, nimekosea. Vya mbele vimejaa. Nitakuwekea nyuma, karibu na mlango."

"Minaz amesema tisa na kumi ni vyangu."

"Basi usije. Kamera, kelele... mtoto ndiyo kwanza amefika."

"Kwa nini nisije?"

Jibu lilikuwa moja tu, na Tharcisse alikuwa bado mlangoni.

"Hakuna. Njooni."

Simu ilipokatika, Tharcisse alikuwa ameshaanza. "Madame, naomba chumvi," alisema kwa sauti ya msichana. Akairudia kwa sauti nyembamba zaidi, mkono kiunoni. "Hiyo ndiyo ya kufungia. Na mama mtu sitamgusa! Nitamuuliza mtoto: wewe, huyu uliyekaa naye ni nani wako? Halafu nanyamaza. Kamera imkae usoni. Unaona?"

"Ana miaka kumi na sita."

"Nimemwita mimi?"

"Nicole ni rafiki yangu."

"Ya mwaka jana aliandika nani?" Aliuliza bila hasira, kama anayeuliza sabuni iko wapi. "Tisa na kumi uziandike vizuri. Saba zako nazisoma kama moja."

Akavaa koti, akaenda kwa kinyozi.

Prudence aliandika ya nane. Kisha akavuta kadi mpya, akaruka mstari wa juu, akaanza wa pili: "Ana mama yake Uvira. Anapiga kila Jumapili. Mimi namwambia amelala. Miaka minne." Akageuza: "Kadi ziko kwenye koti, mfuko wa ndani, kushoto. Bila kadi hana neno. Mwambie azitoe, mbele ya kamera." Juu kabisa, pembeni, akaweka namba tisa. Yeye ndiye ambaye angekaa mlangoni kesho kugawa tiketi. Kadi ingeingia ndani ya bahasha ya tiketi za Nicole, na hakuna ambaye angejua.

Ulibaki mstari wa juu. Ulihitaji maneno saba: Habari zako alizipata kwangu, si kwa Goreth. Akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. Doa la wino likakua. Bila mstari ule, Nicole angeshinda kesho na angebaki na rafiki, na Goreth angebaki na lawama kaburini. Akaandika "Habari." Mkono ukasimama.

Alikuwa bado hapo mlango ulipofunguka, na Tharcisse akaingia akinuka spiriti ya kinyozi. Prudence akaitia kadi mfukoni mwa aproni, wino mbichi.

Tharcisse alizihesabu zilizo mezani. "Nane. Tisa na kumi ziko wapi?"

"Bado."

"Kwa nini bado?"

"Mkono umechoka."

"Basi zimalize kesho asubuhi. Ukiandika umechoka hazisomeki." Akaingia bafuni. Maji yakafunguliwa, na kupitia mlangoni ikasikika ile sauti nyembamba ya msichana ikiita madame, mara moja, mara mbili, ikitafuta mahali pazuri pa kuvuta pumzi.

Prudence akafunika kalamu, mstari wa juu wa kadi ya mfukoni ukiwa bado na neno moja.